Rundo la Kuni la Kawetele

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela, akiisha kupita ubavuni mwa Mlima Rungwe, hufika Tukuyu, mji wa mvua nyingi, migomba na chai. Huko, katika Kawetele, tulifikia kwa mzee mmoja aliyekuwa akijitayarisha kwa akika ya mjukuu wake. Alikuwa ameagiza kuni za karamu na za msimu wa mvua: rundo la mita 4 za ujazo, la mikaratusi mikavu, kila kipande mita 1.

Gari lilipozimwaga uani, zilitawanyika chini, tukaziona chache. Tukanong'onezana ya kuwa mzee amepunjwa. Naye akatusikia, akasema, "Wanangu, jicho si kipimo. Zipangeni."

Tukazipanga pamoja na muuzaji, vipande vikilala upande mmoja na kushikamana. Maana kuni zilizopangwa msalaba huficha hewa nyingi, na rundo huvimba bure. Hata zikipangwa vema, mti wenyewe ni yapata theluthi mbili tu ya rundo. Kisha tukapima kwa futikamba, kwani dhiraa ya mrefu si dhiraa ya mfupi. Tukapima pande zote tatu. Wengi hupima urefu wa rundo na kimo chake, wakasahau urefu wa kipande. Na kipande cha sentimita 80 mahali pa mita 1 huondoa moja ya tano ya mali. Mwisho tukatazama ukavu: kuni kavu huwa na nyufa nchani, na zikigonganishwa hulia, mbichi hutoa sauti nzito, na moto wake huishia kukausha maji yake.

Rundo lilikuwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 1, na kimo cha mita 1 na sentimita 10. Kumbe zilizidi! Tukatahayari. Hata hivyo mmoja wetu alinong'ona kwamba tunyamaze.

Mzee hakunyamaza. "Bwana, umezidisha. Nikulipe ngapi?"

"Ndaga, mzee," akajibu kijana yule. "Niliongeza kwa kujua, nisije nikakupunguzia kwa kutojua."

"Basi naipokea kama hisani yako. Mungu akubariki."

Sura ya 83, Al-Mutaffifin, yawaonya wale ambao wakipokea hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma tukimfikiria mwenye duka. Siku ile tulijiona sisi wenyewe ndani yake, sisi tuliokuwa tayari kupiga kelele kwa pungufu na kunyamaza kwa ziada.

Basi, ndugu wasomaji, kuni zikiletwa nyumbani, zipangwe na kupimwa mbele ya muuzaji kabla ya malipo. Watoto nao waitwe washike futikamba, wapate kujua ya kuwa kipimo hulinda pande mbili. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.