Kasiba, Mtutu na Shabaha

Wazee wa Pwani waliuita kasiba ule mwanzi wa chuma unaopitisha risasi. Kizazi cha leo kinauita mtutu. Kasiba ni neno lililovuka bahari kutoka Uarabuni, na huko asili yake ni unyasi wenye uwazi ndani, yaani mwanzi. Miongoni mwa maneno ya bunduki yaliyomo katika Kiswahili cha kale, kama vile gumegume, fataki, mdeki na marisau, hili ndilo lililo karibu zaidi na mshairi, maana kwa mwanzi huohuo mtu huchonga kalamu, na kwa mwanzi huohuo mwingine hupiga filimbi. Uwazi ni uleule. Kinachotofautiana ni kile kinachopitishwa ndani yake, na upande unakoelekezwa.

Wako watu ambao kwao kuchagua kasiba ni elimu kamili. Hao ni washindani wa kulenga shabaha katika masafa ya kati, yaani yadi 300, 500 na 600, mchezo ambao nchini Uingereza una makao yake Bisley, kusini-magharibi ya London. Mlenga shabaha wa huko huchagua mtutu peke yake, kama fundi wa jahazi anavyochagua mti wa mlingoti. Hutazama chuma chake, unene wake, urefu wake, na zaidi ya yote hutazama tumbo lake. Chuma kisichoshika kutu hupendwa kwa kuwa huchongeka vizuri na huhimili moto wa baruti. Mtutu mnene hupata joto polepole, kwa hiyo risasi ya ishirini huifuata ya kwanza bila kupotea njia. Lakini unene ni uzito, na uzito humchosha aubebaye. Tena, uwe bora namna gani, mtutu una umri wake. Baada ya risasi elfu kadhaa koo lake huwa limeliwa na moto, na mwenyewe hulazimika kuuvua na kutia mwingine.

Ndani ya tumbo la mtutu huo imechongwa michirizi inayozunguka kama parafujo. Risasi ikipita humo hulazimishwa kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaoizuia isipinduke hewani, kama vile pia isimamavyo wima maadamu inazunguka. Risasi ndefu na nzito hutaka msokoto wa haraka. Fupi na nyepesi hutosheka na wa taratibu. Kwa bunduki ya milimita 7.62, risasi ya gramu 10 hivi hutulia katika mtutu ambao michirizi yake hukamilisha duara moja kwa kila inchi 13; iliyo nzito zaidi hutaka inchi 11 au 10.

Elimu hii ina historia. Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, alibuni mtutu wenye tumbo la pembe sita uliokamilisha duara kwa kila inchi 20, wakati bunduki ya Enfield iliyotumiwa na jeshi la Uingereza ilihitaji inchi 78. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha walenga shabaha kwa kuvuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyokazwa juu ya kiegemeo. Umbali ulikuwa yadi 400, na risasi ilitua kama inchi moja na robo tu kutoka katikati.

Msomaji aliyelelewa na vina na mizani hataona ajabu katika jambo hili. Michirizi huibana risasi na kuipunguzia uhuru, nayo ndiyo inayoifikisha. Gobore lenye tumbo laini huiachia risasi uhuru wake wote, nayo hutoka ikiyumba, na baada ya hatua chache kadhaa hakuna ajuaye itakapotua. Shairi nalo hufika mbali kwa vifungo vyake. Lakini mfano huu una mpaka: utenzi wenye mizani kamili waweza kumsifu dhalimu, na mtutu ulionyooka waweza kumwelekea yeyote.

Nani basi aliyewachagulia mitutu watu wa Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zinazokaa jirani na mipaka ya Rwanda na Burundi? Uchaguzi huo ulifanyika mbali na milima yao. Katika karne ya kumi na tisa bandari ya Unguja ilikuwa lango kuu la bunduki zilizokwenda bara pamoja na misafara ya pembe. Ilipofika tarehe 2 Julai 1890, miaka 30 kamili tangu Malkia avute uzi wake, ulitiwa sahihi Mkataba wa Brussels wa kupiga vita biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa dola zilizoshiriki. Mkataba huo ulikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, bunduki zenye michirizi na nyingine za kisasa zilizuiwa zisiingie, isipokuwa kwa serikali na kwa watu maalumu waliopewa vibali. Gumegume lenye mtutu laini, na baruti ya kawaida, viliachiwa mlango katika baadhi ya sehemu.

Siku moja kabla yake, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kugawana: Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Waingereza, na nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, kusini ya digrii ya kwanza, mikononi mwa Wajerumani. Na katika Julai hiyohiyo walenga shabaha wa Uingereza walifungua uwanja wao mpya wa Bisley. Mwezi mmoja ulitosha kuamua nani atachezea michirizi, nani atatawala kwa michirizi, na nani atabaki na tumbo laini.

Haifai kuudharau mkataba ule, kwani bunduki ndizo zilizowapa nguvu watekaji wa watumwa. Hata hivyo mgawanyo uliosalia ulikuwa wa mtawala na mtawaliwa. Wajerumani walijenga boma Biharamulo. Askari wao Waafrika waliingia katika vita vya 1914 wengi wakiwa wangali na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye michirizi lakini za baruti ya moshi, hata kila mlio ukamfichua mpigaji. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaja kutoka upande wa magharibi na kuiteka Biharamulo. Mitutu ilipita juu ya vichwa vya wenyeji, na mwenyeji hakuulizwa.

Chuma hakikuwa kitu kigeni huko. Warongo, wahunzi mashuhuri wa pande za Biharamulo na Geita, walikiyeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mbali, na Buhaya iliyo kaskazini yao ina mabaki ya matanuri ya kale sana. Mitambo ya kuchonga michirizi ndiyo iliyokosekana. Katika sehemu nyingi za Tanzania wahunzi waliunda magobore kwa mabomba ya chuma, na mwenye gobore akalishindilia kwa mdeki: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha kipande cha risasi au cha nondo. Bunduki ya namna hiyo humlazimisha mwindaji kunyata hadi karibu, na humpa nafasi moja tu. Mnyama akikoswa, amekwenda.

Umbali huo mfupi ulivunjika mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24, wakikimbia kutoka Rwanda. Wengi wao walikuwa watu wasio na hatia yoyote. Baadhi yao walikuwa wametoka kuua. Penye mpaka walinyang'anywa mapanga na silaha nyingine, zikarundikwa kando ya njia. Benako, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji mkubwa wa maturubali kwa siku chache. Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, lakini si kila bunduki iliyoingia nchi za Maziwa Makuu katika miaka ile ilirudi ilikotoka.

Mtutu uliotapakaa katika miaka hiyo ulikuwa wa Kalashnikov. Una urefu wa milimita 415, na michirizi minne inayokamilisha duara kwa milimita 240. Tumbo lake limepakwa kromu lisiliwe na kutu wala moto. Mlenga shabaha wa Bisley hauutaki, maana kromu haitandi sawasawa na usahihi hupungua. Aliyeuchagua alitaka kitu kingine: mtutu usiodai matunzo, utakaofanya kazi mikononi mwa mtu asiyefundishwa. Katika barabara ya kutoka Lusahunga, kupita Nyakahura, hadi Benako, usahihi haukuwa na kazi. Basi likisimamishwa porini, mtutu huwa hatua tatu tu kutoka kifuani mwa abiria. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hizo yalisafiri yakisindikizwa na askari wenye silaha, na wanyama wa mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi walipungua sana.

Serikali za eneo hili zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo mwaka 2004, na Tanzania ikatunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Mwaka 2019 mapori yale matatu yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Haya yote ni mema, nayo yana gharama yake. Mkulima anayelala shambani kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu hutazamwa na sheria ileile inayomtazama jangili. Gobore la babu yake lisilo na leseni ni kosa, ingawa mtutu wake laini haukufanya hata sehemu ndogo ya madhara ya ile yenye michirizi. Anayemtaka alisalimishe hana budi kumjibu kwa nini yeye, aliyekuwa wa mwisho kupewa mtutu, awe wa kwanza kuutoa, na usiku ule shamba lake litalindwa na nani.

Katika Kiswahili, shabaha ni kile kinacholengwa, na pia ni kusudi la mtu. Neno moja limebeba vyote viwili, na hekima yake inazidi ya karakana. Mlenga shabaha hodari haanzi na mtutu; kwanza hujua analenga nini, umbali gani, kwa risasi ya uzito gani, ndipo huchagua msokoto. Ngara na Biharamulo zililetewa mitutu kwanza, kwa zamu, kila mmoja na shabaha ya mtu mwingine: ya mtawala, ya mwanajeshi, ya mnyang'anyi. Sasa kwa kuwa bunduki zinakusanywa na mapori yanatulia, linabaki lile lililopaswa kutangulia, nalo ni kuwauliza wenyeji wenyewe shabaha yao ni ipi.