Viungo vya Kihindi Katika Ukungu wa Chawia

Kutoka Voi tulipita Mwatate, kisha tukapanda hadi Chawia, penye mojawapo ya vipande vya msitu wa asili vilivyosalia katika milima ya Taita. Joto la nyika tuliliacha nyuma, tukalakiwa na ukungu. Wenyeji walitukirimu chai yenye garam masala: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, giligilani na pilipili manga. Hata huku mlimani viungo hivyo si vigeni, kwani reli iliyojengwa kuanzia 1896 ilipita Voi, nayo iliwaleta Wahindi wengi.

Faida zake hatuzikani. Huamsha hamu ya kula, hulituliza tumbo lililojaa gesi, na mchuzi uliokolea viungo hauhitaji chumvi nyingi, jambo la heri kwa mwenye shinikizo la damu.

Lakini mama mmoja alitwambia kwamba hunywa kijiko kizima kila alfajiri, kuwa dawa ya sukari. Hapo ndipo penye hatari. Mdalasini wa gome nene, unaouzwa sana madukani, una kumarini, ambayo ikizidi hudhuru ini. Pilipili manga huchochea kiungulia. Atumiaye dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Naye mjamzito atosheke na kiasi cha chakula.

Akina mama, nunueni viungo vizima, mvisage wenyewe, kwani vya unga huweza kutiwa rangi. Na tukumbuke: israfu imekatazwa hata katika halali.