Mkato wa kwanza

Marehemu baba yangu aliniachia mkaratusi mmoja tu, nami nilitaka uwe mlango na vitanda vya watoto. Wapasuaji walidai nusu ya mbao. Basi nikaunda kiunzi cha chuma, nikakifunga kwenye bapa la msumeno wa mota, kipate kuteleza juu ya gogo na kupasua kwa unene uleule. Mnyororo niliunoa kwa tupa: si kwa nyuzi 30 za kukatia mti, bali 10 za kupasulia mbao.

Siku ya majaribio, ubao wa kwanza ulitoka umepinda kama upinde. Majirani walicheka. Kwa haya na hasira nikataka kuendelea. Mke wangu akasema: «Baba Furaha, mti ni mmoja. Zima mashini.»

Nikazima. Ule ubao wa kuongoza mkato wa kwanza, nilioulaza juu ya gogo, ulikuwa umebonyea katikati. Na kiunzi hufuata njia kiliyoonyeshwa. Kosa la mkato wa kwanza hurithiwa na mbao zote. Nikautegemeza kwa kabari, nikaupima kwa uzi, nikaanza upya.

Mlango tunao, na vitanda viwili. Cha tatu kilipotea katika haraka yangu.