Mwacheni Aijutie Turbo

Wiki iliyopita mdogo wangu aliandika ujumbe mfupi kwenye grupu ya familia: "Leo nimepanda kutoka Kisumu na mama na magunia ya mchele wa Ahero. Gari limelia mpaka Majengo. Ningechukua XT." Basi. Hakumlaumu mtu, hakuomba mchango. Kufikia jioni alikuwa ameshahubiriwa na ukoo mzima. Senje, shangazi yetu, alimwambia amshukuru Mungu, kwani vijana wa rika lake wengi hawana hata baiskeli. Binamu mmoja akamtumia mstari wa Biblia kuhusu kuridhika. Khotsa, mjomba wetu, ambaye huandika tu kukiwa na matanga, akafunga mjadala: tamaa mbele, mauti nyuma.

Nimesoma yote hayo nikiwa huku Aurora, Colorado, na nimeudhika kiasi cha kushindwa kulala. Kijana ametaja jambo la kweli kuhusu gari alilolinunua kwa pesa zake na mkopo wa Sacco, na jibu la watu wanaompenda ni kumfunga mdomo kwa shukrani.

Mwajua gari lenyewe. Subaru Forester ya 2018, ile ya lita 2.0 isiyo na turbo. Kule Japani toleo hilo liliandikwa nguvu farasi 148. Ndugu yake XT, bodi ile ile, lita zile zile 2.0, lakini yenye turbo, iliandikwa 280. Ukiziegesha pamoja pale Muliro Gardens, wapita njia wengi hawatajua ipi ni ipi.

Sasa niwaeleze ninakoishi, kwa sababu huku ndiko nilikojifunza kwamba mdogo wangu hadai anasa. Aurora imepakana na Denver, na Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwetu Kakamega ni kama mita 1,535. Mtu wa kwetu akishuka kwenye ndege hapa, mapafu yake hayashtuki. Tofauti ni kwamba huku kimo cha ardhi ni sehemu ya mazungumzo ya gari. Kwenye vituo vya mafuta, petroli ya kawaida ni oktani 85, ilhali sehemu kubwa ya Marekani huanzia 87. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za kabureta, injini zilipoweza kuvumilia oktani ya chini kwenye hewa nyepesi. Subaru zimejaa kila mtaa. Na kila mwenye gari anajua barabara ya I-70 kuelekea magharibi, inayopita Idaho Springs na Georgetown ikipanda tu, hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu. Hapo ndipo injini isiyo na turbo hutoa siri zake.

Mwenzangu mmoja wa kazini ana Forester ya mwaka huo huo wa 2018. Matoleo ya Marekani ni tofauti kidogo: yake ni ya lita 2.5 yenye nguvu farasi 170, na XT ya huku ilikuwa na 250. Siku ya kununua aliziendesha zote mbili. Muuzaji alimpa ufunguo wa moja, akazunguka nayo barabara kuu, akarudi, akapewa ufunguo wa pili. Akachagua ya bei nafuu. Nimepanda naye I-70 siku ya theluji nyepesi. Mshale wa mizunguko ulipita 5,000 ukakaa hapo, injini ikilia mfululizo bila kubadili sauti kama zifanyavyo gari za CVT, na malori yaliyowasha taa za tahadhari ndiyo pekee tuliyokuwa tukiyapita. Kwenye kimo kile injini ya namna hiyo huwa imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake. Zile 170 zilibaki kama 120, zikibeba watu wanne na vifaa vya kuteleza kwenye theluji.

Jumatatu yake alijuta mbele yetu wote, wakati wa chakula cha mchana, kwa sauti kamili. Ningechukua XT, alisema, maneno yale yale ya mdogo wangu. Mmoja akauliza gari limebakisha deni kiasi gani. Mwingine akafungua simu kutafuta XT zilizotumika zilizo karibu. Wa tatu akamweleza kwamba watu hudhani wana siku 3 za kurudisha gari, lakini sheria ile ya Marekani ya siku 3 haihusu gari lililonunuliwa kwenye duka la magari. Ukishatia sahihi ni lako. Walikaa na majuto yake nusu saa nzima, wakiyapima kama tatizo la kawaida lenye namba ndani yake. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanaotembea kwa miguu.

Sisemi Wamarekani wana hekima kutushinda. Wengi hubadilisha gari kabla deni halijaisha, na muuzaji hulibandika deni la zamani juu ya jipya, mtu akalipia magari mawili huku akiendesha moja. Nimeona hayo na hayanivutii. Lakini mtu ameachwa aseme.

Na tazameni jinsi mdogo wangu alivyonunua. Hakuendesha hata moja. Alitazama picha, akatazama karatasi ya mnada yenye alama ya 4, akatuma pesa Japani, akangoja meli. Kisha Mombasa, kisha KRA: ushuru wa forodha wa asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, juu ya hizo zote VAT ya asilimia 16, bado tozo ndogo ndogo. Mara ya kwanza kukanyaga mafuta katika gari lake mwenyewe, pesa zilikuwa zimeshakwenda zote. Mara ya kwanza kuujua udhaifu wake, alikuwa nyuma ya trela la miwa njia ya Malava, akiwa na watoto kiti cha nyuma, akihesabu kama anaweza kulipita kabla ya matatu inayokuja. Mwenzangu wa Colorado alionja zote mbili akachagua. Mdogo wangu alichaguliwa na kamati.

Ndiyo, kamati. Mnakumbuka vizuri. Kabla hajaagiza, kulikuwa na kikao pale nyumbani baada ya ibada, na mimi nilikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye thermosi ya chai. Yeye alitaka XT. Yaliyosemwa ni haya: turbo inakunywa mafuta, turbo ikiharibika utauza shamba, turbo ni ya vijana wa kelele, na gari la familia litabeba wazee kwenda hospitali kwa hiyo lisiwe na mbio. Hoja mbili za kwanza nazikubali nusu. Turbo hutaka petroli zaidi, hutaka oili ibadilishwe kwa wakati bila visingizio, na fundi asiyeijua anaweza kuimaliza kwa mchana mmoja. Mtu mwenye nidhamu ya mdogo wangu, anayeandika kila huduma ya gari kwenye daftari, angeimudu. Hoja ya kelele inatokana na vijana walioondoa sailensa, na kosa lao si la gari. Hoja ya wazee kwenda hospitali ndiyo hasa ingetufanya tuchukue yenye nguvu.

Kwa sababu kuna jambo ambalo kikao hakikulizungumza kabisa, nalo ni hewa. Kwenye kimo cha Kakamega hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hiyo hewa kama ilivyo. Zile 148 za kwenye karatasi, zikifika kwetu ni kama 127, hata kabla hujampakia mtu. Turbo huishindilia hewa ndani ya injini, kwa hiyo kimo hakiipunguzi sana. Aliye Likoni anaweza kuishi vizuri na ile ya kawaida. Sisi wa kutoka Kisumu kwenye mita 1,130 na kupanda Kiboswa, Mbale, Chavakali, tunailipia turbo hata tusipoinunua. Tunailipia kwa kukanyaga mafuta mpaka chini kwenye kila mlima.

Halafu sisi ndio watu wa kukemea hamu ya nguvu? Waisukha na Waidakho, tunaoamka alfajiri isukuti ikilia ili kwenda Khayega kuona mafahali wakipigana? Mwenye fahali aliyeshindwa akirudi nyumbani akisema angemlisha vizuri zaidi, wazee humkalisha, wakamshauri malisho. Simjui hata mmoja aliyeambiwa ashukuru kwa kuwa jirani ana mbuzi.

Na khotsa, kwa heshima zote. Nimekua nikimsikiliza. Alikuwa na Peugeot 504 ya kabureta, na hadi leo, akikaa vizuri chini ya mparachichi, hueleza jinsi 504 ya injection ilivyoshinda Safari Rally ya 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na jinsi naye angeongeza pesa kidogo angepata ya injection. Miaka yote hiyo tumemsikiliza kwa upendo. Watoto tuliijua hadithi kiasi cha kumalizia sentensi. Basi mdogo wangu naye anastahili mparachichi wake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlango umefungwa. Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka 8, na tangu Januari 1, 2026 linaloingia ni lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. XT ile ya nguvu farasi 280 iliachwa kutengenezwa 2018, Forester ya kizazi kipya ilipoingia. Turbo waliyoirudisha Japani baadaye ni ya lita 1.8 yenye 177. Ni gari zuri, lakini siyo ile. Maana yake mwaka jana ulikuwa mwaka wa mwisho, naye alikuwa na pesa mkononi, na sisi tukamwambia awe na busara. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "utanunua nyingine Mungu akijalia," unamwambia jambo ambalo sheria imeshalizuia.

XT zilizobaki ni zile zilizokwisha kuingia nchini, zenye namba za Kenya, na wenye nazo wanajua thamani yake. Nimempigia simu jana usiku, kwake ikiwa asubuhi. Nimemwambia aitunze aliyo nayo, daftari liendelee, amalize mkopo. Akimaliza, atafute XT iliyotunzwa, aende na fundi anayezijua turbo, aiendeshe mwenyewe kutoka Kisumu hadi Majengo akiwa amepakia mizigo, ndipo alipe. Tofauti ya bei nitaibeba mimi, kwa sababu nami nilikuwa kwenye ile simu na nikakaa kimya.

Kwa wengine wa ukoo ninaomba jambo jepesi zaidi. Akiandika tena kwamba gari limelia, mwulizeni limelia wapi na lilikuwa limebeba nini.