Ugali Wetu ni Upi?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Je, mpenzi msomaji, sisi wa Kisii na Nyamira tuliiacha asili yetu kwa hiari au tulisukumwa?

Ukiuliza darasani chakula chetu ni kipi, wengi watajibu mara moja: ugali wa mahindi kwa sukuma wiki. Lakini mahindi ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioyaleta pwani yetu baada ya kufika huko mwaka wa 1498. Mwenyeji ni wimbi. Kwa wazee wetu obokima hasa ni ugali wa wimbi, ulioletwa ndani ya kikapu kiitwacho ekee na kuliwa kwa chinsaga.

Naam, si kila nyumba hula sawa. Majirani zetu wa Oyugis huchanganya mtama na muhogo. Watu wa pwani husema bila wali hawajala. Kwetu, ndizi za kupika ndizo hutuokoa mahindi yakiisha. Kila mtu hudai chakula chake ndicho chakula, hivyo vingine ni vya kuonja tu.

Sasa nikueleze ya nyumbani. Baba aligawana shamba na ndugu zake wanne, basi letu halifiki nusu ekari. Kuna ndizi, kuna mahindi, na katikati palikuwa na kipande cha wimbi cha nyanya. Wimbi si mchezo. Hukaa shambani miezi minne au zaidi, palizi yake ni ya kuinama kwa sababu magugu mengine hufanana nao, na ukikomaa lazima mtu ashinde akifukuza ndege. Mwaka huu baba aliamua hapo papandwe managu na chinsaga. Mboga hizo huchumwa baada ya wiki chache. Mama huzipeleka soko la Daraja Mbili na kurudi na pesa siku hiyo hiyo.

Pesa zenyewe ni za nini? Tangu 2008 serikali hulipia masomo katika shule za kutwa, lakini chakula cha mchana hulipiwa na wazazi. Kwa hivyo wimbi wa nyanya umegeuka githeri ninayokula hapa shuleni!

Nyanya hakuteta. Alisema tu, "Soma, mjukuu wangu. Lakini mimi nitakula nini?" Kununua ni shida, kwani gorogoro ya wimbi ni ghali kuliko ya mahindi. Chakula chake cha kila siku sasa ni cha wenye pesa. Tena una kalsiamu nyingi kuliko mahindi, na punje zake hukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu.

Kwa maoni yangu, wanaosema vijana tumedharau vyakula vya kwetu wanatuonea. Shamba limepungua, na mahitaji ya pesa yameongezeka. Nimemwomba baba msimu ujao amwachie nyanya mistari michache tu, nami nitapalilia na kufukuza ndege wikendi. Bado hajanijibu.

Wewe msomaji, ukitaka kujua kwa nini nyumba fulani hula hivi na nyingine vile, usianze na kabila. Uliza kwanza shamba lao lina ukubwa gani.