Dubu Aliyerudi Mara ya Pili

Wazee husema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake, mtu akisha kusifiwa kwa kazi yake huacha bidii, akazitegemea sifa za jana. Jambo hili huonekana sana katika sinema za watoto. Hadithi ya kwanza ikipendwa, hufanywa ya pili. Na mara nyingi ile ya pili ina mbio na kelele nyingi zaidi, walakini utamu wake umepungua.

Katika mwaka 1958 Mwingereza Michael Bond alitoa kitabu cha dubu mdogo aliyetoka nchi ya Peru. Mwaka 2014 hadithi zake zikafanywa sinema, na msimamizi wake alikuwa Paul King. Dubu afika London peke yake, amevaa kofia nyekundu, na watu wampita bila kumjali. Hata jamaa ya Bwana Brown wamwonea huruma, wampeleka kwao, nao wamwita Paddington, kwa jina la stesheni walipomkuta. Sinema hiyo ilipendwa sana. Je, ya pili itafanana nayo?

Ya pili ilitoka mwaka 2017, na msimamizi ni yule yule. Dubu sasa si mgeni tena. Mtaa mzima ni rafiki zake. Ataka kumpelekea Shangazi Lucy, aliyemlea, zawadi ya kutimiza miaka 100: kitabu cha London ambacho kikifunuliwa, nyumba za karatasi huinuka. Fedha hana, basi asafisha madirisha ya watu na kudunduliza kidogo kidogo. Kabla hajatimiza bei, mwizi akiiba kitabu, na dubu afungwa gerezani bila kosa.

Hapo ndipo ubora wa sinema ya pili waonekana. Katika ya kwanza dubu alipokea wema. Katika ya pili yeye ndiye autoaye. Gerezani yuko mpishi mkali aogopwaye na wafungwa wote. Dubu hashindani naye kwa nguvu. Amfundisha kupika jamu ya machungwa, na chumba cha kulia chageuka kuwa mahali pa furaha. Mwishoni, dubu akiwa karibu kufa maji, mpishi yule aliyekwisha kimbia arudi kumwokoa.

Wako wasemao kwamba ya kwanza haina mfano, kwa kuwa mgeni huonekana mgeni mara moja tu. Ni kweli, mshangao wa kwanza haurudi. Lakini sinema ya pili haikujaribu kuurudisha. Iliuliza neno jingine: mgeni akisha kukaribishwa, atawatendea nini wenyeji wake? Kwa hiyo tembo lake halikutiwa maji.

Vivyo hivyo mwanafunzi aliyesifiwa kwa insha yake ya kwanza asiiandike ile ile kwa herufi kubwa zaidi. Na atafute jambo jipya la kusema.