Rubona: Nywele, Mafuta na Mwambao Usio na Minazi

Atokaye mjini Gisenyi kuelekea kusini hulipa kisogo bonde la mpakani na kupanda mlima kwa barabara inayozunguka. Kisha, kabla hajamaliza hata kilomita kumi, huliona Ziwa Kivu tena likiwa limeingia nchi kavu na kufanya ghuba tulivu. Hapo ndipo Rubona. Kiserikali eneo hilo limo katika Wilaya ya Rubavu, jina lililoanza kutumika katika mageuzi ya mwaka 2006, lakini wenyeji na wasafiri wangali wakisema Gisenyi, na hakuna anayepotea njia kwa kusema hivyo.

Mambo mawili yameipa Rubona sifa. La kwanza ni kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, ambacho kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1960 kilichemshia mitambo yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa. La pili ni wavuvi. Jioni, jua linapotua upande wa Kongo, mitumbwi hutoka ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti, na fito ndefu za kutandia nyavu zimechomoza mbele na nyuma mfano wa pembe. Wapiga makasia huimba kwa kuitikiana, na taa zao huonekana usiku kucha. Wanachovua ni sambaza, samaki wadogo ambao msomaji wa Kigoma angewatambua mara moja kuwa ni dagaa wake. Naye hatakuwa amekosea, kwa kuwa samaki hao hawakuwamo Kivu tangu asili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mgeni atokaye Pwani huiona mitumbwi, mchanga na dagaa walioanikwa, kisha huinua macho kutafuta minazi. Haioni. Mitende iliyopandwa kando ya barabara ya ufukweni mjini Gisenyi ni ya mapambo tu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa ni ya baridi, na mnazi ni mti upendao joto mchana na usiku. Nazi ifikayo Rubona ni ya safari. Ikiwa imetoka Dar es Salaam, imepita Rusumo na Kigali, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na gharama ya njia yote hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Hata hivyo, sifa za tui la nazi kwa nywele zimefika kabla ya nazi yenyewe. Zimekuja kwa simu za mkononi, kwa wasusi, na kwa jamaa waishio Mombasa na Dar es Salaam. Yasemwa kwamba tui hulainisha nywele kavu, huzirefusha, huzinyoosha, hata huzirudisha pale zilipokwisha kung'oka. Mama mwenye fedha kidogo mfukoni, anayeuza sambaza kwa beseni, ana haki ya kujua ni yapi katika hayo yaliyo kweli kabla hajainunua nazi kwa bei ya mboga ya siku mbili.

Tena mama huyo ana sababu ya kutafuta dawa ya nywele. Mzigo wa samaki hubebwa kichwani juu ya ngata, ambayo Kinyarwanda nacho huiita ingata, na ngata kavu isuguapo utosi kila siku hukatakata nywele za hapo. Jua la mita 1,460 ni kali kuliko joto lake linavyodhihirisha, na upepo wa ziwani hukausha. Kisha yako maji yenyewe. Maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka, hasa za magnesi, na ni maji magumu. Sabuni ya kipande ikitumiwa katika maji ya namna hiyo haitoi povu la kutosha, bali huacha utando mweupe unaoganda juu ya nywele na kuzifanya zikwaruze. Wengi hudhani nywele zao ni mbaya kwa kuzaliwa, kumbe ni sabuni na maji vilivyogombana. Kinga ya maji ya mvua, ambayo Rubona haina uhaba nayo, yafaa nywele kuliko ziwa zima.

Haipasi kudhani kwamba watu wa huko walikuwa wakingoja nazi ili wajifunze kutunza vichwa vyao. Rwanda ya zamani iliutukuza ufundi wa nywele. Amasunzu, mtindo wa kunyoa sehemu na kuacha matuta yaliyopindwa kama mwezi mchanga, ulivaliwa na wanaume na pia na wasichana ambao hawajaolewa, na kila aliyeuona alijua daraja la mwenye kichwa. Mwaka 2018 mwigizaji wa Kenya, Lupita Nyong'o, alipohudhuria sherehe za tuzo za Oscar huko Marekani, nywele zake zilifungwa kwa kuiga mtindo huo, na vijana wengi waliokuwa wakiuona katika picha za kale tu wakaanza kuuliza bibi zao.

Mafuta ya kupaka yalikuwa siagi ya ng'ombe. Maziwa yaligandishwa, yakasukwasukwa katika kibuyu mpaka siagi ikajitenga, nayo ikapakwa mwilini na kichwani, mara nyingine baada ya kutiwa manukato ya mimea. Malisho ya Gishwati, juu ya Rubavu, yangali yakitoa maziwa mengi, na siagi haijawa kitu cha makumbusho. Harufu yake haiwapendezi vijana wa leo, na hilo halihitaji mabishano. Pua ya mtu haiamriwi.

Sasa yafaa kutazama tui lenyewe ni kitu gani. Nazi iliyokomaa ikikunwa na kukamuliwa hutoa mchanganyiko wa maji na mafuta, pamoja na utomvu kidogo unaovishikanisha viwili hivyo visiachane haraka. Tui zito la kwanza laweza kuwa na mafuta kiasi cha sehemu moja kwa tano au zaidi. Kwa hiyo anayepaka tui anapaka maji na mafuta kwa mkupuo mmoja. Maji huingia katika unywele na kuulegeza. Mafuta hubaki kuyazuia yasitoke upesi. Hiyo ndiyo siri yote, wala si ndogo, kwa sababu nywele za Kiafrika zilizojisokota huchelewa kupata mafuta yatokayo kichwani, na ncha zake hukauka kwanza.

Mafuta ya nazi yana sifa moja zaidi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walitangaza majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yatokanayo na petroli. Waliona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi cha maana upotevu wa protini ya unywele wakati wa kuosha na kuchana. Sababu waliyoitoa ni kwamba asidi ya loriki, iliyojaa katika nazi, ina umbo dogo na lililonyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele pale mengine yanapobaki juu. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni iuzayo mafuta ya nazi, jambo ambalo msomaji makini ataliweka akilini, ingawa maelezo yao juu ya kupenya yanaingia akilini.

Mengineyo ni ya kupunguzwa. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, hauli wala haushibi, tui haliulishi. Wala tui halinyooshi nywele, hata likitiwa limau na unga wa mahindi namna gani. Dawa za dukani zinazonyoosha hufanya hivyo kwa kuvunja viungo vya ndani vya unywele kwa kemikali kali, na ndiyo maana huunguza ngozi zikikosewa. Hakuna nazi yenye uwezo huo, na heri haina. Nywele zilizong'oka pembeni mwa paji kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa mno hurudi tu ikiwa mkazo umeondolewa mapema. Na mtoto mwenye mapunye, yale mabaka ya mviringo yenye magamba ambayo nywele zake hukatika, asipakwe tui wala siagi kwa kutumaini kupona. Ukungu wa mapunye umo ndani ya unywele na mara nyingi hutaka dawa ya kumeza itolewayo na mganga wa zahanati. Tena kitana na wembe wake visitumiwe na ndugu zake.

Kwa aliyepata nazi na akaazimia kuitumia, kazi si ngumu. Pwani ingekunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Rubona, ambako mbuzi ni mnyama tu, nyama ya nazi yaweza kukatwa vipande vyembamba na kutwangwa katika kinu, kisha ikatiwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kitambaa safi. Nywele huoshwa kwanza na kubanwa maji. Tui zito hupakwa fungu kwa fungu, likianzia ncha na kupanda, si kumwagwa utosini. Liachwe kwa nusu saa. Kukaa nalo usiku kucha huleta harufu na kuchafua mto, wala hakuongezi faida ya kutajika. Hapo ndipo mashauri mengi ya simuni husema kichwa kifungwe mfuko wa nailoni. Rwanda ilikwisha kuipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Taulo iliyochovywa katika maji moto na kukamuliwa hufaa zaidi, na jani la mgomba lililobabuliwa motoni mpaka likalainika ni kofia nzuri ambayo haijakatazwa na serikali yoyote.

Kuna jambo moja ambalo mashauri ya Pwani hayalitaji, kwa kuwa Pwani halitokei. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa ambayo Tanga humiminika kama maji, Rubona alfajiri huwa ngumu na nyeupe kama samli. Anayesuuza tui kwa maji baridi ya asubuhi atabakiwa na vidonge vyeupe katikati ya nywele na atavidhania kuwa mba. Suuza ni ya maji ya uvuguvugu, tena ya mvua ikiwezekana, na kuchana kufanywe nywele zingali na unyevu, kwa kitana cha meno mapana.

Kwa asiyepata nazi, au aliyeona bei yake akarudisha mkono, nchi yenyewe ina majibu. Parachichi hustawi vizuri Rwanda. Moja lililoiva sana, lililopondwa na kuchujwa lisibaki na nyuzi, likichanganywa na maziwa kidogo hufanya kazi ya kulainisha inayokaribiana na ya tui, ingawa mafuta yake ni ya namna nyingine. Siagi nayo huziba maji yasitoke, mradi ipakwe kidogo juu ya nywele zenye unyevu.

Lakini ndugu wa kweli wa nazi yuko Tanganyika. Katika maeneo ya ziwa hilo, Kigoma kwa Tanzania na Rumonge kwa Burundi, hulimwa michikichi. Kila mtu anayajua mawese mekundu yatokayo katika nyama ya tunda. Wachache nje ya Kigoma wanayajua mafuta ya mise, yanayotolewa katika kiini cha kokwa baada ya kuipasua. Mise ina asidi ya loriki karibu sawa na nazi, yapata nusu ya mafuta yote, na wakazi wa Kigoma wameyapaka mwilini na kichwani tangu zamani bila kungoja maabara. Chupa ya mise haiharibiki kwa siku moja kama tui, wala haivunjiki njiani kama nazi. Njia iliyowaleta sambaza ingeweza kuyaleta mafuta hayo pia, nayo yakauzwa kwa bei ambayo mchuuzi wa beseni angeimudu. Ni biashara ambayo vyama vya akina mama vya pande zote mbili vingefanya vizuri kuipigia hesabu, hasa sasa ambapo Rwanda na Burundi, zilizojiunga mwaka 2007, na Tanzania zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, ijapokuwa mipaka ya ukanda huo haifunguki kila mwaka kwa urahisi ulioandikwa katika mikataba.

Mpaka hapo, anayeibeba sambaza na ajisaidie kwa mambo ya bure. Ngata ifunikwe kwa kitambaa laini chenye kuteleza, au kichwa kifungwe leso kabla ya kuweka ngata. Nywele zisisukwe zikiwa kavu. Sabuni ya kufulia iachiwe nguo.

Na nazi ikishakamuliwa kwa ajili ya kichwa, tui jepesi la pili halina kazi katika nywele, kwa kuwa ni maji zaidi kuliko mafuta. Lisiwekwe hadi kesho, maana huchacha. Litiwe katika sufuria ya sambaza pamoja na nyanya na kitunguu, na chicha wapewe kuku.